Punda Mwenye Mimba: Njaa Humuua, na Shibe Pia Humuua

Wasomaji wangu wa Pwani mtanisamehe. Wiki hii nawatoa Lamu na Mombasa niwalete huku Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, ambako kazi imenileta na kuniweka. Habari yenyewe ni ya punda mwenye mimba: ale nini, ale kiasi gani, na awe na mwili wa namna gani mpaka siku ya kuzaa. Atakayeuliza hilo lamhusu nini, na akumbuke saruji, mchanga na mawe vinavyofika vipi katika vichochoro vya Lamu. Mnyama ni huyo huyo, na makosa ninayoyaona huku ndiyo tunayoyafanya kwetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Upande wa Ahero, katika tambarare ya Kano, kuna mama mmoja aliyekuwa akiuza maji. Alikuwa na punda wawili, dume na jike, na kila mmoja alibeba mitungi ya lita 20 kutoka mtoni hadi kwenye vibanda vya chakula. Siku moja alinipigia simu kwa furaha: "Daktari, punda wangu ana mimba." Mimi si daktari, nina diploma ya afya ya mifugo tu, lakini huku kila anayebeba sindano huitwa daktari. Nikamjibu kwa haraka, maana nilikuwa njiani: "Hongera mama. Mpumzishe, na umwongezee chakula."

Sikumuuliza mimba ina miezi mingapi. Sikumuuliza kama punda ni mwembamba au mnene. Wala sikwenda kumwona.

Yule mama alinitii kuliko nilivyostahili. Alimfunga punda chini ya mti, akamwondolea kazi yote, akawa anamwekea pumba za mahindi asubuhi na jioni, na mahindi yenyewe yakipatikana. Miezi ikapita. Kisha karo ya shule ikamkaba, akamuuza yule dume. Siku ya pili punda jike akaacha kula. Mama akadhani ni uchungu wa kuzaa umekaribia, akangoja. Nilipoitwa, ilikuwa siku ya nne. Nilimkuta punda kasimama, kichwa chini, shingo nene na ngumu kama gogo, mapajani amejaa mafuta. Daktari wa mifugo niliyekwenda naye alitoa damu kidogo akaiweka kwenye chupa. Ilipotulia, yale maji ya juu hayakuwa ya njano kama ilivyo kawaida. Yalikuwa meupe kama tui la nazi.

Usiku ule punda akafa, na mimba yake. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Nilimlisha vizuri, daktari." Na neno hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tui ndani ya damu

Kilichomuua si sumu wala uchawi. Punda ni mnyama wa nchi kavu. Mwili wake umezoea chakula kigumu na haba, na kila ziada huiweka akiba ya mafuta. Akiba hiyo haina neno mpaka siku anapoacha kula ghafla. Hapo mwili huanza kuyayeyusha mafuta ili upate nguvu, na kwa punda mnene mafuta hayo hutoka kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Yanafurika kwenye damu, yanaziba ini na figo, na punda anazidi kukosa hamu ya kula. Asipokula, mafuta mengine huyeyuka. Ni duara linalojizungusha lenyewe, na wengi wanaoingia humo hawatoki.

Yeyote anaweza kupatwa, lakini walio hatarini zaidi ni majike wanene, wenye mimba kubwa au wanaonyonyesha. Kinachowasha moto mara nyingi ni jambo dogo: safari ndefu, maumivu ya meno, minyoo, kubadilishiwa chakula ghafla, au kutenganishwa na mwenzake. Punda wawili waliofanya kazi pamoja hushikamana kama ndugu. Yule dume alipouzwa, jike aliomboleza, na maombolezo yake yalikuwa kuacha chakula. Mwembamba angekosa siku mbili akaokoka. Huyu tulikuwa tumemjaza mafuta.

Isieleweke kwamba nasema punda mwenye mimba aachwe na njaa. Aliyekonda naye ana balaa lake: mimba hutoka, au mtoto huzaliwa dhaifu asiyeweza kusimama, au mama hukosa maziwa. Wengi wa punda ninaowaona ufukoni, kuanzia Dunga mpaka Kendu Bay, tatizo lao ni hilo la kukonda. Shida ni kwamba tukishajua ana mimba, twaruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kote kuwili twamuua.

Gusa kwa mkono, usitazame tumbo

Mtu akitaka kujua hali ya punda wake, jambo la kwanza hutazama tumbo. Tumbo ndilo muongo mkubwa. Punda mwenye minyoo ana tumbo. Punda anayekula mabua matupu ana tumbo. Mwenye mimba ana tumbo, na juu yake mbavu zaweza kuwa zimetoka kama ngazi.

Mkono hausemi uongo. Simama ubavuni, tandaza kiganja, pitisha juu ya mbavu ukibonyeza kidogo tu. Mbavu zikihisika bila kuonekana, hali ni nzuri. Zikionekana kwa macho, amekonda. Ukibonyeza kwa nguvu na bado huzipati, amenenepa. Kisha panda shingoni, pale nywele zinapoota. Shingo yataka iwe imara lakini nyembamba. Ikiwa nene, ngumu, au imeanza kulala upande mmoja, hayo ni mafuta. Malizia kwenye uti wa mgongo na makalio: mifupa ikichoma kiganja amekonda, na pakiwa na mfereji katikati na mabonge ya mafuta pembeni amezidi.

Wataalamu huipa hali hiyo alama kutoka 1 hadi 5. Moja ni mifupa mitupu, tano ni donge la mafuta. Mwenye mimba twamtaka kwenye 3. Tena kumbuka, mafuta ya punda yakishakuwa magumu shingoni hayaondoki hata akikonda baadaye, kwa hiyo usitegemee sehemu moja. Gusa zote.

Ongeza na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Mzungushe kifuani, nyuma kidogo ya viwiko vya miguu ya mbele, mahali ambapo mimba haifiki. Pima kila wiki mbili, saa ile ile, uandike. Namba yenyewe si muhimu kama mwendo wake. Ikipanda wiki baada ya wiki wakati mimba ni changa, anenepa. Ikishuka, umepunguza mno.

Hesabu miezi

Ng'ombe hubeba miezi 9, farasi 11. Punda hubeba takriban miezi 12, na wengine hufika hata 14. Mwaka mzima! Kwa hiyo siku ya kupandwa iandikwe ukutani au kwenye kalenda, kwa sababu ulishaji wote wategemea hesabu hiyo.

Kwa miezi minane au tisa ya mwanzo, mtoto tumboni ni mdogo. Mama hahitaji nyongeza yoyote ya maana. Ale kama alivyokuwa akila, mradi chakula kiwe safi na cha kutosha. Kama alikuwa amekonda, huu ndio wakati wa kumrudishia mwili, polepole. Kama alikuwa mnene, huu ndio wakati wa kupunguza pumba na kumwachia nyasi kavu, polepole vilevile, bila kumnyima.

Miezi mitatu ya mwisho ndipo mtoto hukua kwa kasi. Hapo mahitaji ya mama huongezeka, hasa ya protini na madini. Lakini nafasi ya tumbo nayo imepungua, kwa sababu mtoto amelijaza. Hawezi kula mlima wa mabua kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tunachoongeza ni ubora wa chakula, na tunampa kidogo kidogo mara nyingi.

Kosa langu lilikuwa hapo. Niliposema "mwongezee", mimba ilikuwa bado changa. Alikula nyongeza ya miezi mitatu kwa muda unaokaribia mwaka.

Sinia la punda

Punda mzima hula kwa siku chakula kikavu cha kati ya asilimia 1.3 na 1.8 ya uzito wake. Wa kilo 150, kama walivyo wengi wetu, atakula kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu. Nyasi mbichi zina maji mengi, robo tatu ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo ukimpa nyasi mbichi peke yake huenda akahitaji kilo 10 na zaidi.

Msingi wa sinia ni nyuzinyuzi: nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga. Huku Ahero mpunga umelimwa kwa skimu ya umwagiliaji tangu mwisho wa miaka ya 1960, na baada ya mavuno majani yake yamejaa kila mahali. Yanamfaa punda kwa kutafuna mchana kutwa bila kunenepa, lakini peke yake hayamlei mtoto tumboni. Protini yake ni haba mno.

Juu ya msingi huo, katika miezi mitatu ya mwisho, weka kijani: majani ya kunde, matawi ya viazi vitamu, lusini ukiipata, au desmodiamu ambayo wakulima wa huku huipanda katikati ya mahindi. Mafungu mawili kwa siku yatosha. Pumba zikihitajika, ziwe konzi chache kwa mlo, zisigeuke chakula kikuu. Pumba zina fosforasi nyingi na chokaa kidogo, na matete ya kulishia ng'ombe nayo yana asidi inayoishika chokaa isiufikie mwili. Mchanganyiko wa pumba na matete peke yake, miezi nenda miezi rudi, hula mifupa ya mama wakati ambapo mtoto anaidai mifupa hiyo hiyo. Majani ya jamii ya kunde ndiyo yanayorudisha chokaa. Tundika na jiwe la chumvi alambe mwenyewe.

Maji sasa. Naona aibu kulisema, lakini lazima. Punda anayebeba mitungi minne ya lita 20 mara nyingi yeye mwenyewe hajanywa. Punda mzima anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku kulingana na jua na kazi, na mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha hukaribia kiwango cha juu. Asiponywa, chakula kikavu humganda tumboni. Anywe kabla ya kupakiwa, na anywe akishushwa.

Visivyoingia kinywani mwake

Mahindi yaliyoota ukungu. Watu huku husema "haya hayafai kwa ugali, mpeni punda." Ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa punda na farasi, akaanza kuzunguka na kugonga kuta, kisha akafa. Kisichofaa kwako hakimfai.

Chakula cha kuku. Baadhi yake huchanganywa na dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuharisha damu kwa kuku. Dawa hiyo haimdhuru kuku, lakini moyo wa punda haiuachi salama. Mabaki ya gunia la kuku yabaki kwa kuku.

Majani ya lukina. Mbuzi huyala, ng'ombe huyala. Punda akiyala kwa wingi manyoya ya shingo na mkia hupukutika.

Karatasi za plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini plastiki ingalipo jalalani, Kondele huku na Lamu huko. Punda anayejitafutia jalalani hula mfuko wenye mabaki ya chakula, ukaziba utumbo. Mwenye mimba hana nafasi tumboni ya mtoto na plastiki pamoja.

Na dawa ya minyoo msinunue kwa kukisia. Nyingine si salama kwa mwenye mimba, kwa hiyo muulizeni mtaalamu mkimtajia na miezi.

Kazi na mzigo

Mimba si ugonjwa. Punda aliyezoea kutembea akifungwa ghafla hunenepa na kudhoofika mwili kwa pamoja. Aendelee na kazi nyepesi, na mzigo wake usizidi theluthi ya uzito wake: kwa wa kilo 150, ni kilo 50, yaani mitungi miwili tu. Mitungi minne ni kilo 80, na hiyo ni dhuluma hata kwa asiye na mimba. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inalihesabu jambo la kumbebesha mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Nasi tusio na haja ya polisi kutukumbusha, tumefundishwa madrasa kwamba mnyama ana haki kwa mwenyewe, na haki hiyo itaulizwa.

Miezi mitatu ya mwisho asibebe kitu. Atembezwe, achungwe, awe na mwenzake. Kama ni lazima mwenzake auzwe, basi subiri azae na mtoto apate nguvu, au umletee mwingine kwanza wazoeane.

Saa ya kukimbilia simu

Katika yote niliyoandika, shikeni hili. Punda mwenye mimba akiacha kula, usingoje kesho. Siku moja ya kutokula, au hata kupunguza nusu, au kusimama peke yake akiwa mnyonge, ni dharura. Punda huficha maumivu. Ukiona dalili, ujue imeshakuwa kubwa. Mpigie daktari wa mifugo wa kaunti au wa karibu nawe. Wakati unamngoja, mtafutie anachokipenda: nyasi mbichi changa, karoti, maganda ya ndizi. Mpeleke kivulini, umrudishe mwenzake karibu. Usimmiminie kitu kinywani kwa chupa, kitaingia mapafuni.

Kuzaa kukikaribia, chuchu hujaa. Ukubwa wa namba ni huu: mtoto asimame ndani ya takriban saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Lolote likichelewa, simu tena. Maziwa ya kwanza, dang'a, asiyakose, kwani ndiyo kinga yake dhidi ya maradhi. Na baada ya kuzaa usikipunguze chakula. Kunyonyesha kunadai zaidi kuliko mimba yenyewe.

Kwa nini twahesabu mmoja mmoja

Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Katikati ya hapo, kuanzia 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazokwenda China kutengenezewa dawa. Punda wakawa wanaibwa usiku. Serikali ikasimamisha uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaondoa zuio hilo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda bara zima. Hayo ni ya wakubwa. Letu sisi ni kujua kwamba mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa zaidi ya mwaka hajazwi upesi akipungua. Kila mimba inayoharibika kwa ujinga wetu ni pengo la miaka.

Lamu kuna kliniki ya punda tangu 1987, na matibabu yake ni ya bure. Ndugu zangu wa huko mna neema ambayo mama wa Ahero hakuwa nayo. Itumieni kabla punda hajalala chini. Mpelekeni jike wenu mara tu mnapoijua mimba, aguswe mbavu, atazamwe meno, muambiwe yuko kwenye alama gani.

Yule mama nilirudi kwake baadaye. Alikuwa amenunua punda mwingine, jike tena. Safari hii sikusema neno kabla ya kumzunguka na kumpitishia kiganja. Mbavu zilihisika, hazikuonekana. Mama akaniuliza, "Nimwongezee chakula?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Mletee mwenzake kwanza."